Risasi ya Miomboni: Kasi, Uzito na Mita 150

Njia inayoteremka kutoka Mbozi, mkoani Songwe, kwenda bonde la Rukwa huanzia kwenye kahawa na mahindi, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kuishia karibu na ziwa lililo chini ya hapo kwa mita 700 hivi. Kati ya sehemu hizo mbili kuna miombo: miti ya kimo cha wastani, nyasi zinazofika kiunoni baada ya mvua, na vichuguu vinavyoweza kumficha mnyama mzima. Mwindaji anayeingia humo na leseni yake mwezi Julai hatamwona kongoni kwa mita 400. Atamwona kwa mita 60, kwa mita 100, au kwa 150 pale moto wa kiangazi ulipokwisha kupita. Umbali huo ndio unaoamua risasi ipi ifae, kuliko jambo jingine lolote, na ndio husahaulika kwanza watu wanapoanza kubishana kuhusu kaliba.

Ubishi wenyewe ni wa siku nyingi. Mwenye .375 atasema hiyo ndiyo bunduki ya Afrika na nyingine ni za kuchezea. Aliyesoma habari za magnum mpya, zile za kasi kubwa, atataja risasi inayofika mita 800 bila kuinama sana. Aliyerithi .303 atakumbusha kwamba babu yake aliilisha familia kwa bunduki hiyohiyo. Kila mmoja ana hoja, lakini hoja zao zinajibu maswali tofauti. Kwa wanyama wa kimo cha kati, miomboni, ndani ya mita 200, ushahidi wa zaidi ya karne moja ya uwindaji Afrika Mashariki unaelekea upande mmoja: risasi ya kasi ya wastani, yenye kichwa kizito kilichotengenezwa vizuri, katika bunduki ambayo mwenyewe anaweza kuipiga bila kuiogopa. Kasi inayoongezwa juu ya hapo hulipiwa kwa fedha, kwa bega na kwa nyama, na huko msituni haina kazi ya kufanya.

Risasi nzima ina sehemu nne: ganda la shaba nyeupe au njano, fataki iliyo kwenye kitako chake, baruti iliyo ndani, na kichwa, yaani kile kipande kinachotoka mtutuni. Namba zinazotajwa vijiweni, kama .308 au 9.3, hueleza unene wa kichwa tu. Hazisemi uzito wake, kasi yake, wala kitakachotokea kikigonga mfupa. Mambo hayo matatu ndiyo yanayoua mnyama au kumwacha akimbie na jeraha.

Marekani, ambako vitabu vingi vya somo hili huandikwa, mnyama wa kupimia ni kulungu mwenye mkia mweupe, na dume lake aliyekomaa huwa na kilo 70 hadi 100 hivi. Tanzania hakuna mnyama mmoja wa kupimia. Nsya ana kilo 15 hadi 20. Pongo, tohe na swala pala wako kati ya kilo 40 na 80. Kongoni anavuka kilo 150, palahala na kuro wanazidi 200, korongo na tandala wanakaribia au kupita 250, na pofu dume anaweza kufika 800. Juu ya hao wote yupo nyati, ambaye hujitokeza pale ambapo mwindaji alikuwa akimfuata mnyama mwingine kabisa. Ushauri wa risasi ya kulungu ukiletwa Songwe kama ulivyo, unawafaa pongo na tohe. Kwa kongoni unaanza kuyumba, na kwa pofu haufai.

Hesabu ya mteremko wa risasi huonyesha jinsi miombo inavyofuta tofauti ambazo kwenye jedwali huonekana kubwa. Chukua risasi mbili zisizofanana. Ya kwanza ni .308 Winchester yenye kichwa cha gramu 9.7, inayotoka mtutuni kwa mita 860 kwa sekunde. Ya pili ni 9.3x62 ya kizamani, kichwa cha gramu 18.5, mita 720 kwa sekunde. Bunduki zote mbili zina darubini, na zote zimerekebishwa zigonge katikati kwa mita 150. Kwa mita 100, ya kwanza itapita sentimita 3 juu ya shabaha, ya pili sentimita 4 au 5. Kwa mita 200, ya kwanza itakuwa imeshuka sentimita 8 hivi chini ya shabaha, ya pili 11 au 12. Tofauti yao nzima kwa mita 200 ni sentimita 3 au 4. Eneo la moyo na mapafu la swala pala lina upana wa sentimita 15 hivi, na la kongoni ni kubwa zaidi. Mikono ya mtu aliyetembea tangu alfajiri, akipumua kwa nguvu, hutikisika kuliko hizo sentimita 4.

Kasi inavutia kwa sababu ya kanuni ya fizikia: nguvu ya kitu kinachokwenda huongezeka kwa kipeo cha pili cha kasi yake, lakini kwa uzito huongezeka moja kwa moja tu. Ongeza kasi kidogo, na namba ya jouli kwenye boksi hupanda haraka. Ndiyo maana watengenezaji huipigia debe. Lakini mnyama hafi kwa namba ya boksi. Anakufa kwa sababu mapafu yametobolewa na damu imeacha kufika kwenye ubongo, na ili hilo litokee kichwa cha risasi lazima kifike ndani, kipitie bega au mbavu, kikiwa bado kimeshikamana. Kichwa chepesi chenye kasi kubwa, kikimgonga kongoni begani kwa mita 60, kiko kwenye kasi yake ya juu kabisa. Mara nyingi hupasukia kwenye nyama ya bega, huvunja mfupa, huacha jeraha pana la kutisha kwa nje, na hakifiki kifuani. Mnyama anakwenda zake kwa miguu mitatu. Bega lenyewe likipatikana halifai chochote. Limejaa damu iliyoganda na vipande vya madini.

Kuna imani nyingine inayosikika sana, kwamba kichwa kizito cha polepole "hupasua kichaka" na kuendelea na safari yake. Majaribio mengi yaliyofanywa kwa vijiti vilivyopangwa mbele ya shabaha yameonyesha kwamba vichwa vyote hupotoka vikigonga kijiti, vizito kwa vyepesi. Vizito hupotoka kwa kiasi kidogo zaidi, lakini si kwa tofauti ya kutegemewa. Miomboni hakuna risasi ya kupiga kupitia matawi. Kuna nafasi wazi, au hakuna mlio.

Jina linaloletwa kila mara na watetezi wa risasi ndogo ni la W.D.M. Bell, Mskoti aliyewinda tembo Karamoja na kwingineko mwanzoni mwa karne ya 20 na kuua zaidi ya tembo 1,000, wengi wao kwa 7x57, risasi ya Mauser ya miaka ya 1890 ambayo Waingereza waliiita .275 Rigby. Habari hiyo ni ya kweli, na hutumiwa vibaya. Bell hakumpiga tembo popote alipomwona. Alipasua fuvu la tembo kwa msumeno ili ajue ubongo unakaa wapi ukitazamwa kutoka kila upande, na alikuwa na mazoea ya kulenga kila siku bila kufyatua risasi. Jambo la tatu ni la kiufundi. Kichwa cha zamani cha 7x57, chenye gramu 11 na zaidi kidogo, ni kirefu na chembamba, na kwa kulinganisha uzito na unene wake kinalingana na kichwa cha .375 cha gramu 19.4. Ni urefu huo, pamoja na ganda gumu la nje, uliokipeleka moja kwa moja hadi kwenye ubongo. Anayesema ".275 iliua tembo" halafu akanunua kichwa chepesi cha gramu 8 kwa kaliba hiyohiyo, amenunua kitu ambacho Bell asingekibeba.

Upande wa pili wa historia unamhusu Frederick Selous, ambaye jina lake lilibaki kwenye pori kubwa la kusini mwa Tanzania hata baada ya sehemu yake kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Akiwa kijana, miaka ya 1870, Selous aliwinda tembo kwa bunduki za kushindilia zilizorusha gololi ya karibu gramu 110 kwa baruti nyeusi. Aliandika baadaye kwamba alijuta kuzitumia, kwa sababu mateke yake yaliharibu neva zake na kumfanya akose shabaha hata kwa bunduki nyingine. Alimalizia maisha yake ya uwindaji kwa kaliba ndogo za baruti isiyotoa moshi, na alikufa kwa risasi ya adui Beho Beho, tarehe 4 Januari 1917. Kwa mtu anayepima leo kati ya .30-06 na .375, ushuhuda wake una uzito. Teke la .375 ni takriban maradufu ya la .30-06 katika bunduki zenye uzito unaokaribiana. Mtu anayefumba macho kabla ya kuvuta kifyatulio amekwisha kukosa, na mwili humfundisha kufumba macho haraka kuliko anavyodhani.

Mfano wa tatu ni wa Tanganyika yenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1933 na mwanzoni mwa 1934, Ernest Hemingway aliwinda humo akiongozwa na Philip Percival, akiwa na bunduki ya Springfield ya .30-06, na kitabu alichokitoa mwaka 1935 kinaeleza safari hiyo kwa undani usiomficha hata yeye mwenyewe. Kwa bunduki hiyo aliwapata tandala wawili madume wakubwa jioni moja. Kesho yake, kwa bunduki ileile na risasi zilezile, alimpiga palahala dume mahali pasipofaa, akamfuatilia juani na wafuatiliaji wake kwa saa nyingi, na hakumpata. Risasi haikubadilika usiku ule. Mahali ilipoingia ndipo palipobadilika. Anayetaka kujua .30-06 inaweza nini na haiwezi nini kwa wanyama wa kimo hicho, siku hizo mbili zinamtosha kuliko jedwali refu.

Kilichoendelea sana tangu enzi hizo ni kichwa cha risasi. Mwaka 1946 Mmarekani mmoja, John Nosler, alimpiga mnyama mkubwa wa kaskazini aitwaye moose huko British Columbia, Kanada, kwa .300 yenye kasi, na mnyama akabaki amesimama; vichwa vilikuwa vikipasukia kwenye ngozi iliyokuwa imegandamana matope. Nosler alirudi nyumbani akabuni kichwa chenye ukuta wa shaba katikati: sehemu ya mbele inafunguka kama uyoga, ya nyuma inabaki nzima na kuendelea kusukuma. Kilianza kuuzwa mwaka 1948. Baadaye vikaja vichwa ambavyo madini ya risasi ya ndani yamegundishwa kwenye shaba ya nje, kisha vya shaba tupu. Mabadiliko haya ndiyo yaliyozipa .308 na .30-06 za leo uwezo ambao mwaka 1930 ungehitaji kaliba kubwa zaidi. Mwindaji mwenye fedha za kuongeza kitu kimoja tu, aongeze hapo. Tofauti kati ya kichwa cha bei rahisi na kichwa bora ndani ya kaliba moja ni kubwa kuliko tofauti kati ya kaliba mbili jirani.

Wajerumani walipokuwa wakitawala Tanganyika walikumbana na swali hilihili wakiwa walowezi, na jibu lao lilikuwa la busara ya mtu asiye na fedha nyingi. Bunduki ya mitutu miwili ya Kiingereza, iliyotengenezwa kwa mkono, ilikuwa ghali kupita uwezo wa mkulima. Mauser ya jeshi ilikuwa rahisi na imara, lakini risasi yake ya milimita 8 ilikuwa ndogo kwa nyati. Mwaka 1905 fundi wa Berlin, Otto Bock, akabuni 9.3x62, risasi iliyoingia kwenye Mauser ileile bila kuhitaji kuirefusha. Kichwa cha gramu 18.5, mita 720 kwa sekunde, jouli 4,800 hivi. Kwa miaka mingi ilipiga kila kitu katika makoloni ya Kijerumani, kutoka swala hadi tembo, bila teke la kumtoa mtu machozi. Miaka 7 baadaye, mwaka 1912, Holland & Holland wa London wakaleta .375 yao, kubwa kidogo, ya kasi zaidi, na ndiyo iliyoshinda duniani.

Ushindi huo una matokeo ya kisheria. Tanzania, kama nchi nyingine kadhaa za Afrika, imeiweka .375 kuwa kaliba ya chini kwa wanyama hatari kama tembo na nyati. Ukiusoma mstari huo kwa herufi, 9.3 inabaki nje kwa takriban robo ya milimita, ingawa miomboni mnyama asingeona tofauti kati yao. Si kosa la kanuni. Mstari lazima uchorwe mahali fulani, na .375 ni mahali pazuri. Lakini unabadilisha hesabu ya mwindaji wa Songwe kwa namna ambayo Mmarekani wa kulungu hajui. Yeye huchagua risasi ya mnyama mmoja. Mtanzania huchagua akiwa na nyati akilini, ama kwa sababu nyati yumo kwenye leseni yake, ama kwa sababu nyati yumo kwenye kichaka.

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 ndizo zinazoshika mambo mengine: leseni ya kuwinda na leseni ya silaha ni vitu viwili tofauti, kuwinda usiku au kupiga kutoka kwenye gari hakuruhusiwi, na idadi ya risasi anazoweza kununua mwenye silaha inadhibitiwa. Hili la mwisho lina uzito katika uchaguzi kuliko linavyoonekana. Mtu mwenye risasi chache kwa mwaka, na ambaye kila boksi analifuata mbali, hawezi kumiliki kaliba ya nadra. Asipopata risasi za kufanyia mazoezi, atazitunza zile chache "kwa ajili ya mnyama", na kuingia porini bila kujua bunduki yake inagonga wapi. .308, .30-06 na .375 zinatengenezwa katika nchi nyingi na makampuni mengi. Uzuri huo peke yake unazitanguliza mbele ya risasi nyingine kumi zinazolingana nazo kwenye karatasi.

Nje ya sheria kuna silaha mbili ambazo uchambuzi wa mkoa huu hauwezi kuzipita. Ya kwanza ni gobore. Kusini-magharibi ya Tanzania ni nchi ya wahunzi tangu zamani. Wafipa na Wanyiha walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru za udongo kabla ya wakoloni, na ustadi wa chuma haukuisha. Gobore linalotengenezwa kijijini hurusha kipande cha nondo kilichokatwa, kisicho na umbo la kushika mwelekeo hewani, kwa baruti isiyopimwa. Zaidi ya mita 30 au 40 ni bahati nasibu, na mnyama anayegongwa mara nyingi huenda kufia mbali. Linaweza pia kumlipukia mpigaji usoni. Ya pili ni risasi ya kivita ya 7.62x39, ya bunduki za jamii ya AK, iliyomwagika ukanda wote huu kutokana na vita vya majirani. Kichwa chake cha gramu 8 kina jouli 2,000 hivi tu, nusu hivi ya .30-06, na kimefunikwa chuma kote ili kisifunguke. Hupita mwilini kama msumari. Wanaouliza kwa nini wanyama wengi wanaouawa na majangili hukutwa wameoza mbali na njia, jibu moja liko hapo.

Kufunguka kwa kichwa huonekana vizuri zaidi ardhini kuliko kwenye vitabu. Mfuatiliaji mzuri akifika pale mnyama aliposimama huinama kabla ya kusema neno. Damu nyekundu ya kung'aa yenye mapovu madogo, iliyorushwa pande zote mbili za njia, ni ya mapafu, na risasi imetokea upande wa pili. Mnyama yuko mbele kidogo. Damu nzito, nyeusi kiasi, inayodondoka matone makubwa, ni ya ini, asubiriwe kwanza. Tone moja kwenye jani, kisha hatua 20 bila kitu, kisha uchafu wa kijani wenye harufu ya nyasi zilizochacha: hapo ni tumbo, na siku imekuwa ndefu. Tundu la kutokea ndilo linalotoa damu nyingi, kwa sababu huwa kubwa na mara nyingi liko chini zaidi. Kichwa chepesi kilichokwama ndani huacha tundu dogo la kuingilia tu, ngozi huteleza na kuliziba, na nyasi za miombo hazionyeshi kitu. Huu ni ushahidi mwingine kwa upande wa uzito. Unatolewa na watu ambao hawajawahi kusoma jedwali la jouli, na ni wa kuaminiwa.

Kuna pia suala la kuchinja. Katika misafara mingi ya uwindaji, tangu enzi za wapagazi, Waislamu wa msafara wamekuwa wakikimbia na kisu kumwahi mnyama kabla hajakata roho, ili nyama iwe halali kwao. Mnyama aliyeangushwa papo hapo kwa mapafu hutoa nafasi hiyo. Aliyepotea saa mbili vichakani haitoi, na Waislamu wa kijiji hawataigusa nyama yake.

Basi achague nini? Kwa mwenye bunduki moja, ambaye leseni yake inaweza kuwa na nyati, jibu la Tanzania ni .375 H&H, na wala si jibu la kujilazimisha. Kichwa chake cha gramu 19.4 kinakwenda mita 770 kwa sekunde, kasi isiyopasua nyama. Swala aliyepigwa kwa .375 mara nyingi huharibika nyama kidogo kuliko aliyepigwa kwa kaliba ndogo ya kasi. Gharama yake ni teke na bei ya risasi, na asiyeweza kuimudu kwa bega lake asijidanganye. Kwa asiye na haja ya nyati, .30-06 yenye kichwa cha gramu 11.7 inatosha kwa kila mnyama kuanzia pongo hadi tandala, na hata pofu ikiwa kichwa ni bora na pembe ya kupigia ni nzuri. .308 iko nyuma yake kwa hatua moja tu, kwa teke dogo na bunduki fupi inayopita vizuri kwenye vichaka. Kwa kijana, au kwa mtu mwembamba anayeanza, 7x57 bado ni risasi tamu kuliko zote, pale inapopatikana. .303 iliyorithiwa isidharauliwe pia, mradi fundi aukague mtutu na kifungio chake kwanza: gramu 11.3 kwa mita 740 kwa sekunde ni kazi ileile ya miaka mingi. Magnum za kaliba ndogo ziachiwe nyanda za wazi. Na bunduki ya marisau, ambayo ndiyo wananchi wengi wanayo, ibaki na kanga, kwale na nsya wa karibu.

Baada ya kuchagua, kuna kazi ya kurekebisha darubini, na hapa jiografia ya mkoa huzua hofu isiyo na msingi. Bunduki iliyopigwa shabaha kwenye baridi ya Vwawa kule Mbozi ikishushwa Rukwa haitabadilika kwa sababu ya mwinuko. Ndani ya mita 200 tofauti ya hewa haionekani. Joto ndilo la kuangaliwa. Baruti hulipuka kwa nguvu zaidi ikiwa moto, na baruti ya zamani iitwayo kordaiti ilikuwa na tabia hiyo kupita kiasi, hadi makampuni ya Kiingereza yakatengeneza risasi maalumu za nchi za joto zenye baruti iliyopunguzwa. Maganda makubwa ya .375 na wenzake wa enzi zile yalikusudiwa, kwa sehemu, kuacha nafasi ya joto hilo. Baruti za sasa zimetulia sana, lakini boksi lililoachwa kwenye dashibodi ya gari mchana wa Oktoba bado linaweza kuinua mgandamizo hadi ganda likang'ang'ania mtutuni. Mkoba wa ngozi kivulini unatosha. Risasi za kupigia shabaha ziwe za boksi lilelile litakaloingia porini, na mpigaji apige akiwa amekaa chini, amepiga goti, ameegemea mti. Meza ya shabaha haipo miomboni.

Suala moja limeingia karibuni na litakua. Tangu kanuni za uuzaji wa nyamapori zilipotoka mwaka 2020 na kufungua njia ya mabucha ya nyamapori, nyama ya kongoni na nyati inawafikia walaji ambao hawajui ilipigwa na nini. Vichwa vya kawaida vina risasi, yale madini yenyewe, ndani ya shaba, na picha za eksirei zimeonyesha vipande vidogo visivyoonekana kwa macho vikitapakaa mbali na njia ya jeraha. Watoto na wajawazito ndio walio hatarini zaidi, na tai wanaokula matumbo yaliyoachwa porini huathirika vilevile. California ilipitisha sheria mwaka 2013 ya kupiga marufuku madini hayo kwenye uwindaji, ikatimizwa kikamilifu Julai 2019, kwa sababu ya ndege wa jamii hiyo. Vichwa vya shaba tupu havitapakai. Huwa virefu kwa uzito uleule na vinahitaji kasi ya kutosha ili vifunguke, kwa hiyo mwenye .308 anashuka hadi gramu 9.7 au 10.7 badala ya 11.7, na hapo kasi, kwa mara ya kwanza katika hesabu hii yote, inapata kazi halali ya kufanya. Ni ghali na si rahisi kupatikana. Kabla havijafika, bucha linaweza kuanza na kisu: kukata na kutupa nyama kwa upana unaozidi shubiri moja kuzunguka tundu, na kutomwachia mbwa kilichokatwa.